Nguzo ya Kibanda cha Rangi

Watu wanaosema Msasa alikuwa anachora hawajawahi kumwona kazini. Kuchora ni kazi ya kukaa kwenye kigoda na kikombe cha chai pembeni. Yule mama alikuwa anapigana. Ungepita asubuhi nje ya stoo yake, ile iliyokuwa ya magodoro kabla mwenye magodoro hajafilisika, ungesikia vishindo na mikwaruzo ya chuma ukaapa kuna mtu anauawa mle ndani. Mara mbili wapita njia walishaita polisi. Mara zote mbili polisi walimkuta mwanamke wa miaka hamsini kasoro kidogo, miwani ya fundi machoni, anakitandika kitambaa cha turubai kilichopakwa lami kwa mnyororo wa baiskeli. Walipomwuliza anafanya nini aliwajibu kwamba yuko kazini, na kama wao hawako kazini wasogee wasimzibie mwanga.

Jina la Msasa walimbandika mafundi wa gereji ya kaka yake. Walisema hakuna mchoro aliowahi kuumaliza bila kuukwaruza, na hakuna mtu aliyewahi kuzungumza naye akatoka hajakwaruzwa. Mwenyewe alilipenda.

Lakini hakuanza hivyo, jamani, tusimwonee. Miaka kumi na miwili alipaka rangi za mafuta kwenye turubai safi, miraba na duara, buluu juu ya njano, kistaarabu kabisa, kwa brashi alizoziosha kila jioni. Michoro haikuwa na sura ya mtu wala mti. Watu walikuja, wakainamisha vichwa upande, wakauliza ni nini hiki, wakaenda zao. Asiyeuliza alikuwa binti yake peke yake. Yeye alisimama mbele ya mchoro, akatazama, kisha akasema huu una usingizi au huu una njaa, na mama mtu akajua kazi imekwenda vizuri au imekwenda mrama.

Binti huyo walimwita Kengele. Alipokuwa na miaka sita mjomba wake alimnunulia baiskeli, na tangu siku hiyo hakuna kona, mlango wala kuku aliyepitwa bila kupigiwa kengele. Mtaa mzima ulikoma. Alipofika miaka kumi na tisa, akiwa anasomea ukunga, baiskeli ilishabadilishwa mara tatu lakini kengele ilikuwa ile ile, inafunguliwa huku inafungwa kule. Baba yake alishaondoka zamani na hadithi hii haimhitaji.

Asubuhi moja, saa mbili kasoro, kwenye barabara ya nyuma ya maghala ya mbao, gari lilimgonga Kengele ubavuni, likaiburuza baiskeli hatua arobaini, likaenda. Halikusimama. Alilala mtaroni zaidi ya saa moja mpaka wapakuaji wa mbao walipofika na kumwona, na daktari alimwambia mama yake bila kupindisha maneno kwamba angeletwa ndani ya nusu saa angeishi. Hilo ndilo lililomwua Msasa mara ya pili. Kule kugonga alikuwa tayari kukuita ajali. Kule kuondoka hakukupatia jina.

Kitu kimoja tu kilibaki. Kwenye uma wa mbele wa baiskeli, pale chuma kilipokunjika, palikuwa na mkwaruzo wa rangi urefu wa kidole: rangi ya bilinganya, imechanganywa na vumbi la dhahabu. Polisi waliipiga picha, wakakaa na baiskeli miezi miwili, wakairudisha na kusema watamjulisha. Wakati huo faili lilishalala.

Msasa aliibeba baiskeli ile mpaka kwa kaka yake. Kaka alimzidi miaka tisa, na baba yao alipokufa ndiye aliyemlea Msasa, akamsomesha, akambeba begani maji yalipojaa barabarani. Alikuwa fundi rangi wa magari, na si fundi wa kubabaisha. Mpe kipande cha bampa kisichozidi ukucha, atakwambia rangi imechanganywa nini na nini, na kama aliyeichanganya alikuwa na haraka. Aliuinamia ule uma wa baiskeli, akaukwaruza kwa ukucha, kisha akageukia ukutani kufuta mikono ambayo haikuwa michafu.

"Hii rangi haijapita mkononi mwangu, mdogo wangu," akasema. "Hii ni ya kiwandani, ya gari la kigeni. Lilikuwa linapita tu."

Akaaminiwa. Angeacha vipi kuaminiwa? Yeye ndiye aliyemtembeza askari gereji kwa gereji kuuliza habari. Yeye ndiye aliyelipulizia jeneza la Kengele rangi ya fedha kwa mkono wake, akakataa msaidizi, akatoka kwenye kibanda cha rangi macho mekundu hata wenzake wakaogopa kumpa pole. Basi Msasa akaacha kuzunguka magereji kutafuta bilinganya yenye dhahabu. Lakini hakuacha kutaka. Alitaka jambo moja maishani mwake, nalo ni kumtazama usoni aliyeshika usukani ule na kumwuliza kwa nini hakusimama.

Brashi ilimshinda. Kila akiishika mkono ulikufa ganzi. Ndipo kaka yake alipomletea nusu pipa la lami iliyobaki kwenye kazi ya barabara na kumwambia amwagie hasira zake humo. Alimwaga. Alivyomaliza kuichapa lami ile kwa mnyororo wa baiskeli ya mwanawe alikuwa amelowa jasho hadi soli, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano alilala.

Tangu hapo kaka hakuja mikono mitupu. Alileta vioo vya mbele vya magari yaliyopinduka, Msasa akavigongomea kwenye mbao kwa misumari ya inchi sita mpaka vikawa unga. Alileta maji ya betri, Msasa akayamwagia boneti, yakala bati na nyusi moja na ngozi ya shingo. Alileta matairi, akayayeyusha kwa moto wa gesi juu ya milango ya mabati, nusu ya paa la stoo ikaenda nayo. Grainda ya kukatia chuma ilimkata ncha ya kidole, na ncha yenyewe ikanasia ndani ya mpira wa moto kabla hajaiona. Mchoro huo ndio wa kwanza kununuliwa na jumba la makumbusho la ughaibuni. Mpaka leo umetundikwa kule na watu wanaupiga picha, wala hawajui kama wanapiga picha na ukucha.

Magazeti yakaandika kwamba ni mwanamke jasiri anayethubutu kujaribu vitu vipya. Wapi ujasiri? Alikuwa na hasira isiyo na pa kwenda. Alitafuta kitu kigumu zaidi, kikali zaidi, kitakachompiga naye, na kila kilichouma aliletewa na kaka yake, kimefungwa vizuri kwenye gunia, mlangoni.

Mwaka wa nne mwenye ukumbi mkubwa wa sanaa alimtembelea stoo. Alikuwa mama mwenye sauti ya chini na macho yasiyokosa kitu. Akampa ukumbi mzima, yeye peke yake, akaongeza kwamba lami watu wameshaizoea, awatafutie kitu ambacho hawajapata kukiona. Msasa hakuhitaji kufikiri. Alishakijua siku nyingi.

Ndani ya kibanda cha kupulizia rangi, kule gereji, palikuwa na nguzo ya chuma katikati inayoshikilia paa. Kila fundi rangi ana pahali pa kuisafishia bunduki yake ya kupulizia. Akimaliza gari moja, kabla ya kutia rangi nyingine, humwaga masalio ya ile ya kwanza. Kaka yake aliyamwaga kwenye nguzo. Miaka ishirini na sita, gari baada ya gari, rangi juu ya rangi, nguzo iliyokuwa nyembamba kama mpini wa jembe ikawa nene kama paja. Mkono wake ulikuwa umezoea hata haukumwuliza tena. Anazungumza na mteja, anacheka, na mkono unageuka wenyewe, fyuu, kwenye nguzo.

Kengele alipokuwa mdogo alikuwa akikalishwa juu ya ndoo mle kibandani jioni, anashika sehemu iliyobanduka kwenye nguzo, anaweka kidole kwenye mstari na kuuliza, "Na hii, Mjomba?" Na mjomba anamwambia: hiyo njano ni teksi ya yule mzee kiziwi, hiyo nyekundu ni gari la zimamoto lililoungua, fikiria, gari la zimamoto. Walicheka wote watatu. Msasa naye alizijua nyingi kwa kusikia.

Alichokitaka ni ganda lile. Angelikata, angelisugua kwa msasa na maji mpaka matabaka yatoke kama kurasa za kitabu zilizobanwa. Rangi ambayo hakuna mtu aliyekusudia kuipaka. Alipomweleza kaka yake alikuwa na furaha kama msichana, na kaka yake alimkatalia.

Hakuwahi kumkatalia kitu. Alisema paa litaanguka. Msasa akamwambia hataki nguzo, anataka ganda tu, chuma kibaki kimesimama. Akasema ni kumbukumbu yake ya kazi. Msasa akamwambia kumbukumbu itakaa ukumbini ina jina lake kwa herufi kubwa. Hapo kaka akaivurumisha bunduki ya rangi ukutani, ikapasuka, buluu ikaruka mpaka kwenye dari, akatoka nje. Mafundi wakatazamana. Msasa akasema uzee umemfanya ndugu yake kuwa mkono wa birika, akaenda zake kanuna. Lakini alishaamua.

Siku kaka alipompeleka mama yao hospitali ya macho, Msasa aliingia gereji saa nne asubuhi na grainda yake begani. Hakuna aliyemzuia, ni mtu wa nyumbani. Akajifungia kibandani, akavaa miwani, akaiweka sahani ya grainda kwenye nguzo.

Nguzo ilipiga kelele. Ganda la rangi lilichemka na kunuka, vumbi likaruka la kijani, la chungwa, la maziwa, likamjaa puani na mdomoni. Sahani ya kwanza ilipasuka, kipande kikampita sikioni na kuvunja kioo cha dirisha. Akafunga ya pili. Alikata juu, akakata chini, akashika patasi na nyundo ya ratili nne na kuipiga nguzo ile kana kwamba ilimtukania wazazi. Damu ikamtoka viganjani. Ganda liligoma, likagoma, kisha likaachia mara moja kwa mlio mkubwa, kipande kikamwangukia mapajani, kizito kama mtoto wa mwaka mmoja. Akakifunga kwenye khanga, akakitia kwenye mkokoteni, akaondoka nacho.

Stoo alikiweka mezani na kuanza kukisugua upande uliokatwa. Msasa mkali kwanza, kisha wa wastani, kisha ule laini wa kumalizia, maji yanatiririka, tope la rangi linashuka miguuni. Mistari ikaanza kutoka. Nyembamba kama uzi, mamia kwa mamia, inapinda pamoja pale rangi ilipodondoka. Alisimama akaitazama, machozi yakamlenga. Alijua mara moja kwamba miaka yake yote ya lami na moto ilikuwa safari ya kufika hapa. Hakuna kitu kizuri kama hiki kilichowahi kutoka mikononi mwake.

Akaanza kusoma kutokea ndani. Njano ya kiziwi hii hapa. Nyekundu ya zimamoto. Buluu ya basi la shule, ilirudiwa mara tatu kwa sababu dereva alikuwa hajui kurudi nyuma. Akawa anacheka peke yake. Kidole kikatembea, kikafika karibu na nje, kikasimama kwenye mstari mmoja mwembamba, mweupe wa kung'aa.

Rangi ya fedha. Magari ya fedha yalikuwa mengi, lakini fedha hii ilikuwa na ukungu ndani yake, kwa sababu kaka yake aliizimua na nyeupe isimeremete sana. Alimsikia akisema mwenyewe siku ile: jeneza si gari. Msasa akakilaza kidole pale, akapumua. Kisha akaona kilicho pembeni.

Mstari uliotangulia fedha ulikuwa wa bilinganya. Alidhani ni uchafu. Akamwagia maji, akafuta kwa kiganja. Bilinganya, mnene, tabaka tatu au nne za gari zima, na ndani yake vumbi la dhahabu. Akatazama upande wa pili wa fedha. Bilinganya tena, nyembamba, tabaka moja, kama mtu aliyepuliza madigadi tu. Jeneza la mwanawe lilikuwa katikati, limebanwa na rangi moja huku na huku.

Akaishusha baiskeli ya Kengele iliyotundikwa ukutani. Akaleta uma wa mbele kando ya kipande, akavilowesha vyote viwili. Hakuhitaji kutazama mara mbili.

Yaliyotokea mle ndani kwa dakika chache zilizofuata yalisikika mpaka kwa fundi viatu, nyumba ya nne. Alishika nyundo. Mchoro wa vioo aliuvunja, wa mabati akaukunja, turubai tatu zilizokuwa zinasubiri ukumbi alizichana kwa patasi kutoka juu hadi chini. Alipokuwa hana tena cha kuvunja alirudi mezani, akakaa, akaendelea kusugua kipande. Maji, msasa laini, maji. Ndivyo kaka yake alivyomkuta.

Alikuwa ametoka hospitali, amemshusha mama yao nyumbani, amepita gereji akaona nguzo imenyofolewa nyama. Aliingia kwa hodi ya chini sana. Mkononi alikuwa na nyundo yake ya kunyooshea mabati, ile yenye kichwa kidogo. Hakutazama michoro iliyovunjika. Alitazama meza.

"Nipe hicho, mdogo wangu," akasema. "Nitakutengenezea kingine."

Msasa hakuinua uso. Alimwambia asogee amsomee, kama alivyokuwa akimsomea Kengele, na akaweka kidole kwenye njano. Kaka akasema ni teksi. Kidole kikasogea. Akasema zimamoto. Basi la shule. Lori la maziwa. Kidole kikaruka fedha kwanza, kikatua kwenye bilinganya.

"Na hii, Mjomba?"

Nyundo ilishuka. Aliilenga kazi, si dada yake, lakini Msasa aliuona mkono ukinyanyuka, akatupa kiganja cha kushoto juu ya kipande. Vidole vitatu vikapondeka kwa mlio wa vijiti vikavu. Kipande kikapasuka ufa chini yake. Kaka akainua nyundo tena, sasa macho yake hayakuwa ya mtu anayemjua yeyote, na Msasa akajitupa kando, akaung'oa mnyororo msumarini kwa mkono wa kulia.

Miaka minne alikuwa anafanya mazoezi bila kujua. Mnyororo ulimfikia kaka begani, ukarudi, ukamfikia sikioni, ukamzunguka shingo na kuondoka na ngozi. Nyundo ilianguka. Alimchapa mgongoni, mikononi, mdomoni, jino likaruka kwenye tope la rangi. Mwanzoni kaka alijikinga. Baadaye alishusha mikono na kuacha apigwe, na hilo lilimtia Msasa wazimu zaidi, akampiga mpaka akaanguka magoti kando ya dumu la maji ya betri, damu inamtiririka kidevuni kama mtoto aliyekula uji vibaya.

Msasa akasimama juu yake, anahema. Swali alilolihifadhi miaka minne lilitoka dogo tu.

"Kwa nini hukusimama?"

Kaka aliongea akitazama sakafu. Gari lilikuwa la mteja aliyesafiri, na alilipuliza usiku mafundi wakiwa hawapo. Rangi aliichanganya yeye, ya kipekee, hakuwahi kupata nyingine kama ile. Na kawaida yake, gari likikauka hulitoa asubuhi kwenye jua aone linavyowaka. Alikuwa hatazami barabara. Alikuwa anatazama boneti, dhahabu inavyocheza. Alisikia kengele. Kwanza kengele, kisha kishindo.

"Nikatazama kwenye kioo," akasema. "Nikaiona baiskeli. Niliijua. Nikaona nikisimama, ni mimi niliyemwua. Nikienda, ni mtu mwingine."

Siku tatu baadaye alipuliza jeneza. Siku ya nne, usiku tena, akanyoosha madigadi na kuipaka, na mkono wake ukageuka wenyewe, fyuu, kwenye nguzo.

Msasa akavuta jagi la plastiki na kulijaza maji ya betri. Ukali wake ukamchoma puani. Alilinyanyua juu ya uso wa ndugu yake, uso ule uliomwinamia alipokuwa na homa. Kaka akafumba macho, akainua kidevu.

"Mwaga," akasema. "Kwani mimi nilikuwa nakuletea ya nini?"

Jagi likabaki juu. Msasa akamtazama alivyojiweka sawa, kidevu juu, mtulivu, karibu na raha. Ndipo alipomwelewa ndugu yake kuliko siku zote alizoishi naye. Akimwaga, huyu atatoka hapa ni mzee aliyechomwa uso na dada mwendawazimu. Watu watamwonea huruma. Mama yao atamlilia. Na kosa, kwa mara nyingine, litakuwa la mtu mwingine.

Akalishusha jagi chini taratibu, lisimrukie hata tone.

"Hapana," akasema. "Safari hii utakuwa wewe. Beba baiskeli."

Walitoka saa tisa mchana, jua liko wazi. Kaka mbele, baiskeli iliyokunjika begani pale alipokuwa akimbeba dada yake, shati limegandamana na mgongo kwa damu. Msasa nyuma, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa, kipande cha rangi kimefungwa kwa khanga mgongoni. Kila kaka alipojikwaa, kengele iligonga yenyewe kwenye usukani. Fundi viatu aliacha kiatu mdomoni mwa koleo. Mtu mmoja alimwuliza kaka, Fundi vipi, umevamiwa? Msasa akamwambia aulize tena wakirudi. Kengele ikagonga mpaka mwisho wa mtaa, ikakunja kona kama zamani.

Kituoni askari wa kaunta aliwatazama, huyu hana jino, yule vidole vimevimba kama vitunguu, akataka kujua kwanza nani mlalamikaji na nani mtuhumiwa. Msasa akakifungua kipande na kukiweka juu ya kaunta. Ufa ulikuwa umeipasua mistari yote mpaka kwenye fedha, na damu yake ilikuwa imeingia ndani ya ufa na kukauka. Askari akamwambia kwamba kitu kikishaingia kwenye daftari lile hakitoki mpaka kesi iishe, kama itaisha. Maonyesho yalikuwa wiki mbili mbele, ukumbi mzima, na stoo hapakubaki mchoro mmoja mzima. Msasa alikitazama kipande mara moja tu, akakisukuma kwa mkono mzima upande wa askari.

Askari akakigeuzageuza, akainamisha kichwa upande, akauliza ni nini hiki.

Msasa alifungua mdomo, lakini kaka yake alishaishusha baiskeli begani. Akailaza kaunta kando ya kipande, akaweka kidole gumba kwenye uma wa mbele, juu ya mkwaruzo.

"Andika," akasema. "Hii rangi imepita mkononi mwangu."

Askari akaanza kutafuta kalamu.